Kikomo cha GB kwenye intaneti ya nyumbani: namna ya kukijua, kukipima na kukipanga

Ilikuwa tarehe 19 jioni. Video zinafunguka, zinacheza sekunde kumi, zinasimama, kile kiduara kinaanza kuzunguka. Hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp ulikaa na alama ya saa kwa dakika nzima kabla ya kwenda. Nikazima ruta, nikaiwasha, hali ikawa ileile. Nikapiga simu huduma kwa wateja, na dada aliyepokea akaniambia kwa upole: "Kaka, umefikia FUP. Kasi itarudi tarehe 1."

Kifurushi nilichokuwa nalipia kila mwezi kiliuzwa kwangu kwa maneno "bila kikomo". FUP, yaani sera ya matumizi ya haki, ilikuwa kwenye ukurasa wa masharti ambao sikuusoma. Kikomo kilikuwa GB 1,000 kwa mwezi. Baada ya hapo kasi inashuka hadi 2 Mbps mpaka mwezi mpya uanze.

Kilichonikera zaidi ni kwamba kampuni ilikuwa na namba yangu ya matumizi siku kwa siku, na mimi ninayelipa sikuwa nayo. Mtu wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, anajua uniti zake zimebaki ngapi. Anabonyeza kwenye mita, anaona. Intaneti ya nyumbani tunailipia kwa kuamini tu. Yafuatayo ni yale niliyoyafanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata tena kama ningeanza leo.

Hatua ya 1: Tenganisha kasi na ujazo

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na wauzaji hawasaidii kwa sababu bango linaonyesha kasi peke yake.

Fikiria bomba na simtanki. Kasi ni unene wa bomba: maji yanatoka kwa nguvu kiasi gani. Ujazo ni maji yaliyotumika mwezi mzima. Kasi hupimwa kwa Mbps, megabiti kwa sekunde. Ujazo hupimwa kwa GB, gigabaiti. Baiti moja ina biti 8, na ndiyo maana namba hizi mbili hazilingani hata zikifanana kwa sura.

Chukua kifurushi cha 10 Mbps. Gawa kwa 8, unapata megabaiti 1.25 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, unapata megabaiti 4,500, yaani GB 4.5. Kwa siku nzima ni GB 108. Kwa siku 30 ni GB 3,240, na hapo bomba limefunguliwa mwisho usiku na mchana bila kupumzika.

Ukitaka njia ya mkato, shika namba moja tu: 0.45. Mbps zozote, zidisha kwa 0.45, unapata GB zinazopita kwa saa. Mbps 5 ni GB 2.25 kwa saa. Mbps 100 ni GB 45 kwa saa. Namba hii nitaitumia tena na tena huko chini.

Sasa angalia jambo lenyewe. Kikomo cha GB 500 kwenye bomba la 10 Mbps kinaweza kuisha kwa saa kama 111 za matumizi ya nguvu zote. Kikomo hichohicho kwenye bomba la 100 Mbps kinaisha kwa saa 11. Kwa hiyo mtu akikuambia "panda kwenye kifurushi cha kasi kubwa, utafurahi", muulize kwanza kama na kikomo kinapanda. YouTube na Netflix zikiona bomba limenenepa, zinapandisha ubora wa picha zenyewe bila kukuuliza. Familia ileile, vipindi vilevile, saa zilezile, lakini GB zinaongezeka.

Hatua ya 2: Soma masharti ukiwa na maswali mkononi

Usisome ukurasa wote kama gazeti. Tafuta majibu ya maswali haya, na usipoyapata, andikia huduma kwa wateja kwa ujumbe wa maandishi ili jibu libaki.

Kikomo ni GB ngapi, na ni cha siku au cha mwezi? Baadhi ya vifurushi vya ruta za 4G na 5G vina kikomo cha siku, na hicho hakibebeki kwenda kesho.

Je, kupakia (kutuma vitu kwenda mtandaoni) kunahesabiwa pamoja na kupakua? Mara nyingi ndiyo. Swali hili wengi hawaliulizi, na kwangu ndilo lililokuwa kiini cha tatizo.

Ukifika kikomo kinatokea nini? Kuna njia tatu. Ya kwanza, huduma inakatika mpaka ununue tena. Ya pili, kasi inashushwa. Hapo dai namba, kwa sababu "kasi ndogo" ya 5 Mbps inaishika familia vizuri, lakini ya 512 kbps, yaani kama nusu ya 1 Mbps, hata ukurasa wa benki utagoma. Ya tatu, unaendelea kwa kasi ileile na unatozwa kila ziada. Hii ya tatu wenzetu walioko Marekani wanaijua: kampuni ya intaneti ya Comcast kwa miaka ilikuwa na kikomo cha TB 1.2, yaani GB 1,200, kwa mwezi katika majimbo mengi, na kila GB 50 za ziada zikitozwa dola 10, mpaka dola 100 kwa mwezi. Mwezi Juni 2025 walileta vifurushi vipya visivyo na kikomo, lakini mteja aliyebaki kwenye kifurushi cha zamani anatakiwa akague mwenyewe. Ukiwa huko, kuna msaada mzuri: tangu Aprili 2024 sheria ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inalazimisha kampuni kubwa kuonyesha kibandiko cha taarifa za kifurushi, kama kile cha virutubisho kwenye pakiti ya chakula, na ndani yake ujazo uliojumuishwa na bei ya ziada vinaandikwa. Natamani sana kibandiko hicho kingekuwepo na huku kwetu.

Hesabu inaanza upya lini? Tarehe 1, au tarehe uliyolipa? Na "mwezi" wao ni siku 30 au mwezi wa kalenda?

Swali la mwisho: kuna saa za usiku zisizohesabiwa? Zikiwepo, kazi nzito zote zihamie huko.

Si kila kikomo kinafichwa. Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti, walipoleta Kenya kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 mwaka 2024, namba ilikuwa wazi mbele, na mtu aliamua akijua. Ninachokipinga ni namba inayokaa ukurasa wa nyuma huku mbele pameandikwa "bila kikomo".

Pengine utajiuliza kwa nini kikomo kiwepo kabisa. Faiba nyingi za majumbani zinatumia mfumo unaoitwa GPON: waya mmoja wenye uwezo wa takriban Gbps 2.5, yaani Mbps 2,500, unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Gawa mwenyewe. Nyumba 64 zikivuta kwa pamoja, kila moja inabaki na chini ya 40 Mbps, hata kama zote zimeuziwa 100. Mfumo unafanya kazi kwa sababu majirani hawavuti wote dakika moja. Nyumba moja ikiacha bomba wazi saa 24, wengine wanaumia. Kwenye 4G na 5G ni vigumu zaidi, kwani mnara mmoja unagawana masafa na simu zote za mtaa, na ndiyo sababu vikomo vya huko huwa vikali. Hoja hiyo naikubali. Hainizuii kudai namba iandikwe mbele.

Hatua ya 3: Pima siku saba, saa ileile

Chukua daftari. Kila siku saa 4 usiku, andika namba ya matumizi. Vyanzo ni vitatu, na ukiweza tumia viwili kwa pamoja.

Cha kwanza ni programu au tovuti ya kampuni yako. Hii ndiyo namba wanayokuhukumu nayo, kwa hiyo ndiyo yenye uzito. Ukikuta haionyeshi matumizi, omba wakutumie.

Cha pili ni ruta. Unganisha simu kwenye Wi-Fi, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1; ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu hutumia 192.168.8.1. Anwani yako na neno la siri la kuingilia viko kwenye stika chini ya ruta. Tafuta sehemu ya takwimu au matumizi. Angalizo la kwetu hasa: ruta nyingi husahau hesabu umeme ukikatika. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara, andika namba asubuhi na jioni.

Cha tatu ni kila kifaa peke yake. Kwenye Android ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, kisha matumizi ya data upande wa Wi-Fi. Utaona orodha ya programu na kila moja imekula kiasi gani. Windows inaonyesha siku 30 zilizopita kwenye mipangilio ya mtandao.

Usishtuke namba zisipolingana. Windows inahesabu kwa 1,024 na kampuni nyingi zinahesabu kwa 1,000. GB 500 za kampuni, kompyuta itakuonyesha kama 466. Hapo hakuna aliyeibiwa. Tofauti ikizidi moja ya kumi, hapo ndipo pa kuuliza.

Mbinu iliyonifaa kuliko zote ni kuzima kitu kimoja kila siku. Daftari langu la wiki ya kwanza lilisoma hivi: Jumatatu GB 53. Jumanne 51. Jumatano nilizima kamera za ulinzi: 31. Nilibaki nimesimama pale sebuleni naangalia ile 31.

Hatua ya 4: Tafuta panapovuja

Hapa ndipo penye faida yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na kamera. Nyumbani nina mbili, moja getini na moja nyuma. Fundi alizifunga zirekodi mfululizo na kutuma kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila moja ilipakia kwa 1 Mbps. Tumia ile 0.45: kwa saa 24 ni GB 10.8. Mbili ni 21.6 kwa siku. Kwa mwezi ni GB 648, yaani karibu theluthi mbili ya kikomo changu, na zote ni picha za ukuta na paka wa jirani akipita. Ndipo nikaelewa pia kwa nini baada ya kasi kushushwa hata ujumbe wa sauti haukwenda: kamera ziliendelea kusukuma 1 na 1, na 2 Mbps zikaishia kwao.

Dawa ilikuwa dakika kumi kwenye programu ya kamera. Nikaweka kadi ya kumbukumbu ndani ya kila kamera irekodi humo, na mtandaoni ziende zile sekunde chache tu za pale kitu kinapotembea. Ulinzi ni uleule. Tena nikaomba fundi asifungie mteja mwingine bila kumuuliza ana kikomo cha GB ngapi.

Ya pili ni TV ya usiku. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, na analala akisikiliza mawaidha YouTube kwenye TV ya chumbani kwake. Analala saa 4, kipindi kikiisha kingine kinaanza chenyewe, mpaka alfajiri. Picha kali ya kama 5 Mbps kwa saa 7 ni karibu GB 16 kila usiku, na chumba kiko giza, hakuna anayetazama. Sikumzimia. Kabla hajalala nikawa nashusha ubora wa picha hadi 144p, ule wa chini kabisa. Sauti ikabaki safi, matumizi yakawa chini ya GB 1 usiku mzima. Mama hakuona tofauti yoyote, naye aliendelea kusikiliza kwa raha zake.

Kwa vipindi vya kawaida, Netflix wenyewe wanatoa makadirio: takriban GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa HD, hadi GB 7 kwa 4K. Watoto wakitazama HD saa 2 kila siku, mwezi mzima ni GB 180. Kwa 4K ni 420. Kwenye TV ya inchi 32, ukiwa umekaa upande wa pili wa sebule, tofauti hiyo ya picha huioni. Tofauti ya GB utaiona.

Mikutano ya Zoom ya watu wengi ni kati ya GB 0.8 na 2.4 kwa saa kutegemea ubora. Muziki si wa kuogopa: hata ubora wa juu wa 320 kbps ni MB 144 kwa saa, kwa hiyo usianze kugombana na mtu kwa ajili ya muziki.

Michezo ya video ni kinyume na watu wanavyodhani. Kucheza mtandaoni kunakula kidogo. Kinachokula ni kupakua mchezo wenyewe na masasisho yake. Mchezo mkubwa wa PlayStation unaweza kuzidi GB 100 peke yake. Kijana akifuta na kupakua tena kwa sababu nafasi imejaa, mwezi umeyumba.

Kisha kuna kazi za kimyakimya: simu tano zinazotuma picha na video zote Google Photos, kompyuta zinazojisasisha, makundi ya WhatsApp yanayopakua kila video ya harusi yenyewe.

Na kuna majirani. Ingia kwenye ruta, hesabu vifaa vilivyounganishwa. Kama nyumbani mna simu sita na orodha inaonyesha kumi na nne, badilisha neno la siri leo. Usimshtaki mtu, mara nyingi mgeni alipewa kwa nia njema, akampa mwenzake. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, uwashe, na uwape wageni huo.

Hatua ya 5: Funga mabomba

Kazi hii ni ya Jumamosi moja asubuhi.

Kwenye WhatsApp ya kila simu, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, na kwenye upakuaji wa Wi-Fi ondoa alama ya video. Wengi wameiondoa kwenye data ya simu tu wakaacha Wi-Fi wazi wakidhani Wi-Fi ni bure.

YouTube ina mapendeleo ya ubora wa video, na upande wa Wi-Fi uko peke yake: chagua kiokoa data. Zima pia kucheza kipindi kinachofuata. Netflix inawekwa kwenye akaunti, sehemu ya mipangilio ya kucheza, kwa kila mtumiaji. Chagua ubora wa kati.

iPhone zina hali ya data kidogo kwa kila Wi-Fi: gusa jina la mtandao, iwashe. Windows ina kitu kama hicho kinachoitwa "Metered connection". Ukikiwasha kwenye Wi-Fi ya nyumbani, masasisho mengi yanasubiri ruhusa yako. Ukishakiwasha, jiwekee siku ya kusasisha, kwa sababu masasisho ya usalama hayapaswi kuachwa kabisa. Hapohapo tafuta "Delivery Optimization" na uizime. Inaweza kutumia intaneti yako kuzipelekea kompyuta za watu wengine masasisho.

Usipoteze nguvu kwenye VPN au kivinjari cha siri ukitumaini vitapunguza GB. Havipunguzi, VPN inaongeza kidogo.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya kifurushi kinachokutosha

Chukua wastani wa siku saba baada ya kufunga mabomba, zidisha kwa 30, ongeza robo kwa ajili ya wageni, likizo za shule na sasisho la ghafla. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Kama wastani ni GB 10, mahitaji ni 300, na robo ni 75, jumla 375. Kifurushi cha kikomo cha 500 kinakutosha hata muuzaji akikusifia cha 1,000.

Kasi nayo ichague kwa idadi ya watu wanaotazama kwa wakati mmoja. HD moja inatosheka na 5 Mbps. TV mbili, mkutano mmoja na simu chache ziko sawa kwenye 20 Mbps.

Ukishafika kikomo

Kwanza acha kupima kasi kila baada ya dakika tano. Kila kipimo kinakula GB zako. Zima vinavyopakia: kamera, hifadhi za picha. Weka video zote 360p au chini. Kwenye 2 Mbps kazi za ofisi zinawezekana kabisa, mkutano wa sauti pia, mradi kifaa kimoja kisimeze bomba.

Kama namba ya kampuni na ya daftari lako zinapishana sana, piga simu ukiwa na tarehe na namba zako, na omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Wasipokujibu, Tanzania unapeleka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Malalamiko yenye ukurasa wa daftari yanasikilizwa tofauti na yale ya "intaneti yenu mbovu".

Mwezi uliofuata daftari langu lilifunga kwa wastani wa GB 17 kwa siku, jumla 510. Mwezi wa pili niliomba kushushwa kwenye kifurushi cha chini yake, chenye kikomo cha GB 700. Yule dada wa simu alinishauri nibaki kwenye kikubwa "kwa usalama". Nikamsomea namba za siku 30, moja baada ya nyingine, na akanishusha.